Kipindupindu na njia za biashara

Kipindupindu ni ugonjwa wa kuhara na kutapika unaosababishwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, anayeingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kufa katika saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Historia ya maradhi haya haisomeki vizuri bila ramani ya vyombo, misafara na mahujaji.

Mlipuko wa kwanza kuenea mbali nje ya Bara Hindi ulianza Bengal mwaka 1817, na kufikia 1821 ulikuwa umeshafika Maskati, bandari iliyounganishwa na Unguja kwa majahazi ya kaskazi. Lakini ugonjwa haukupita baharini kila mara. James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Unguja, alikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara na kuzilinganisha, akaona kwamba kipindupindu cha 1869 kilitokea bara, kikapita nchi ya Wamaasai na kushuka Pangani, ndipo kikavuka kwenda Unguja. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876 na kinastahili kujulikana zaidi huku pwani kuliko kinavyojulikana.

Christie aliandika kabla ya chanzo chenyewe kukubalika. Filippo Pacini alikwisha kumwona bakteria huyo kwa hadubini huko Florence mwaka 1854, bila kusikilizwa. Mwaka huohuo John Snow alionyesha kuwa vifo vya mtaa mmoja wa London vilizunguka pampu moja ya maji. Robert Koch alithibitisha chanzo hicho akiwa Calcutta mwaka 1884, na hata hivyo wakuu wa Hamburg, mji wa bandari, waliendelea kuwanywesha watu maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mwaka 1892 walikufa zaidi ya watu 8,000. Altona, mji jirani uliochota mto uleule upande wa chini lakini ukachuja maji yake kwa mchanga, ulisalimika kwa kiasi kikubwa. Mahali pengine mpaka wa miji hiyo miwili ulikuwa barabara tu: upande mmoja misiba, upande wa pili salama.

Kwa maoni ya mwandishi, ugunduzi uliookoa wengi zaidi ni ule wa sukari na chumvi. Utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu hushindwa kubakiza maji, lakini bado hufyonza glukosi. Glukosi huingia pamoja na sodiamu, na maji hufuata. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa kambi ya Bangaon nchini India na dripu zikaanza kuadimika, daktari Dilip Mahalanabis aliamuru glukosi, chumvi na magadi vipimwe na kufungwa kwenye mifuko, kisha ndugu wa wagonjwa wakachanganya na maji na kuwanywesha wenyewe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4. Ile pakiti ya ORS inayotolewa leo katika zahanati ina asili katika utafiti wa Dhaka na Calcutta wa miaka hiyo.

Mlipuko wa saba wa dunia, ulioanza Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, uliingia Afrika mwaka 1970 na haujaisha. Uchunguzi wa jenomu uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa aina ya bakteria ya mlipuko huo imeletwa Afrika kutoka nje angalau mara 11. Haiti iliupata Oktoba 2010 kutoka kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal. Karibu watu 10,000 walikufa, na Umoja huo ulichukua miaka sita kukiri mchango wake.

Chanjo ya kunywa ipo, na Unguja na Pemba zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo barani Afrika kuitoa kwa jamii, mwaka 2009. Kinga yake hudumu miaka michache tu, kwa hiyo haichukui nafasi ya mabomba na vyoo. Akiba ya dunia nayo ni ndogo: tangu Oktoba 2022, maeneo yenye mlipuko hupewa dozi moja badala ya mbili.