Wauguzi wa Lacor katika Mwaka wa 2000

Mnamo mwaka 1976, maradhi ya Ebola yalipodhihiri kule Yambuku, kaskazini mwa Kongo, hospitali ya misheni ya mahali pale iligeuka kuwa njia mojawapo ya kuyaeneza, kwa sindano zilizotumika mgonjwa baada ya mgonjwa. Na wahudumu wake 11 kati ya 17 walipokwisha kufa, milango ikafungwa. Yafaa kuikumbuka habari hiyo kabla ya kuwataja wauguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu nchini Uganda, ambao robo karne baadaye walijiwa na maradhi hayo, katika jimbo lililokwisha kudhoofishwa na vita, wala wasiifunge milango yao.

Hospitali hiyo iliasisiwa mwaka 1959 na wamisionari Wakomboni, ikakuzwa tangu 1961 na tabibu Piero Corti wa Italia na mkewe Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada, aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi alipokuwa akiwapasua majeruhi, akafariki 1996. Dhima ya uganga mkuu ilimwangukia Matthew Lukwiya, mzaliwa wa Kitgum.

Mwanzoni mwa Oktoba 2000 Lukwiya alikuwa masomoni Kampala, akaitwa arejee hima, kwa kuwa wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa homa isiyotambulikana. Alizipitia habari za wagonjwa, akashuku, akapeleka damu ipimwe. Na maabara ya Afrika Kusini ilipothibitisha, katikati ya mwezi, kuwa ni Ebola ya aina iliyozuka Sudani mwaka 1976, wadi ya kuwatengea wagonjwa ilikuwa imekwisha kuandaliwa, kwani hakuona haja ya kungoja jibu. Wauguzi wa wadi hiyo hawakupangwa kwa amri: waliombwa wajitolee, wakajitolea.

Hapo ndipo, kwa rai yangu, palipo kiini cha habari yote. Dawa ya kuyaponya maradhi hayo haikuwapo. Kilichokuwapo ni maji ya klorini, glavu, barakoa, na mikono ya kumnywesha mtu asiyeweza kujiinua, kumfuta damu na matapishi, kisha kumsitiri akifa. Na kila tendo miongoni mwa hayo laweza kumwua alitendaye akighafilika kidogo tu, naye amevaa mavazi mazito katika joto, usiku, akiwa amechoka. Wenzao walipofuatana kufa mwezi Novemba, wahudumu wakakusanyika kwa hofu na ghadhabu, wengi wakitaka hospitali ifungwe. Hofu hiyo ilikuwa haki yao, wala sioni aibu ndani yake. Lukwiya akawaambia kwamba atakaye kuondoka yu huru, bali yeye atabaki. Wakarudi wadini.

Naye akaambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba, akazikwa katika uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille Teasdale. Wahudumu wa Lacor waliopotea, pamoja naye, walikuwa 13.

Mwishoni mwa Februari 2001 ilitangazwa kwamba Uganda imesalimika, baada ya watu 425 kuugua na 224 kufa. Vita havikuwa vimekwisha, na kwa miaka kadhaa maelfu ya watoto na akina mama waliendelea kuingia uani mwa Lacor kila magharibi kulala, wakiwakimbia waasi, wakikaribishwa na wauguzi walewale.