Udhamini wa hafla za hisani katika milima ya Usambara

Udhamini wa hafla ya hisani ni makubaliano ambayo kampuni, taasisi au mtu binafsi hubeba gharama za shughuli ya kuchangisha fedha ili michango ya waalikwa iende kwenye lengo lililotangazwa badala ya kuishia kwenye turubai, spika na chakula. Mdhamini naye hupata chake: jina kwenye bango na fulana, au nafasi ya kuzungumza mbele ya wageni. Katika milima ya Usambara, kuanzia Lushoto na Bumbuli hadi kata ya Bungu wilayani Korogwe, hafla za namna hii huhusu zaidi madarasa, zahanati na nyumba za ibada.

Milima hii ina historia ndefu ya kutegemea wahisani wa mbali. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na nyuma yao alisimama mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel, makao ya wagonjwa wa kifafa huko Bielefeld, Ujerumani. Bethel haikungoja matajiri. Tangu 1888 iliomba stempu zilizokwisha kutumika, na miaka michache baadaye nguo kuukuu, vitu ambavyo karibu kila nyumba ilikuwa navyo. Stempu hizo zinakusanywa hadi leo. Lutindi, katika milima ya Korogwe, palijengwa mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ingali inahudumia watu na ingali na uhusiano na Bethel. Uhusiano uliodumu zaidi ya karne moja haukujengwa na hundi moja kubwa.

Mijini mambo huenda kwa mtindo mwingine. Kili Challenge, iliyoanzishwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita mwaka 2002 na baadaye kuendeshwa pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, hukusanya fedha za mapambano dhidi ya VVU kwa kupandisha watu Mlima Kilimanjaro. Makampuni hutoa ahadi zao kwenye chakula cha jioni cha harambee. Mbio za benki ya CRDB, zilizoanza 2020, zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Benki ikiwa ndiyo mwenye shughuli, makampuni yanayofanya nayo biashara hayasiti kujiunga. Hata hivyo, kumtegemea mdhamini mmoja kuna hatari. Mbio za Rotary za Dar es Salaam, zilizoanza 2009, zilibebwa kwa miaka kadhaa na Bank M. Agosti 2018 Benki Kuu iliichukua benki hiyo katika usimamizi wake kwa kukosa ukwasi, na mapema 2019 mali na madeni yake vikahamishiwa Azania Bank.

Kamati ya kijiji kama Bungu haina benki ya kuanzia, na barua inayotumwa makao makuu ya kampuni isiyomjua mtu yeyote kijijini mara nyingi haijibiwi. Wadhamini wake wako karibu zaidi: mwenye duka la vifaa vya ujenzi Korogwe mjini, mwenye mabasi yanayopanda mlimani, mfanyabiashara anayepeleka mboga Kariakoo, kiwanda kinachonunua majani ya chai ya wakulima, na wenyeji wanaoishi Dar es Salaam na Tanga. Hao wanaujua mlima kwa sababu unawalisha. Waombwe wanachouza: saruji, mabati, lori la kubeba mchanga, mafuta ya jenereta. Mwenye duka huona wepesi kutoa mifuko hamsini ya saruji kuliko thamani yake kwa fedha taslimu, na kijiji huiona saruji hiyo ikishushwa.

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Hutaja lengo, gharama yake, kiasi ambacho wanakijiji wamekwisha kutoa wenyewe, na kitu kimoja anachoombwa mpokeaji. Kipengele cha tatu ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Msingi uliochimbwa na matofali yaliyofyatuliwa humshawishi mtu kuliko sifa. Kwa kampuni, inafaa kukumbusha kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huruhusu michango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara.

Tarehe nayo ni sehemu ya ombi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za milimani huteleza na wageni hukwama. Mwishoni mwa Desemba wenyeji wengi huwa wamerudi nyumbani. Mwaka wa uchaguzi unahitaji uangalifu katika kumchagua mgeni rasmi, kwa kuwa huenda naye ni mgombea. Mahakama Kuu ilibatilisha mwaka 2006 takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura uliokuwa umeruhusiwa kisheria, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 hubana zawadi za wagombea.

Palipo na harambee pana ahadi, na ahadi si fedha. Mweka hazina makini huandika jina, kiasi na tarehe ya kulipa palepale, huelekeza malipo kwenye akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hutoa stakabadhi hata kwa mnada wa mkungu wa ndizi nje ya kanisa. Kisha, shughuli ikiisha, kila mdhamini hupelekewa hesabu na picha ya paa lililoezekwa, kabla kamati haijafikiria kumwomba tena.