Kariokor: Mtaa Uliobeba Jina la Wapagazi

Novemba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza aliweka shada la maua katika makaburi ya vita ya Kariokor, akawavisha nishani wazee waliopigana Vita vya Pili vya Dunia chini ya kikosi cha kikoloni cha King's African Rifles. Nishani zao za kwanza walizitupa wenyewe siku za Mau Mau, kwa kuwa kukutwa na medali ya Mwingereza kungeweza kumgharimu mtu uhai. Kwangu, kurudishiwa nishani uzeeni katikati ya makaburi ya wenzao ndilo tukio zito kuliko yote katika historia ya mahali hapa.

Lakini jina la mtaa lilitangulia vita hivyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, serikali ya kikoloni iliunda Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, chini ya Oscar Watkins. Kambi yao Nairobi ilikuwa hapa, na Waswahili wakalitamka jina walivyolisikia: Kariokor. Dar es Salaam nayo ikapata Kariakoo kwa njia hiyohiyo.

Jeshi la Waingereza lilimfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusini, hadi Msumbiji, katika nchi ambayo mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Ikabidi mizigo ipande vichwani mwa watu. Mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth alisimamia msako mkubwa wa wanaume, machifu wakitakiwa kutoa idadi kamili. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na unga wa mahindi ulioliwa haujaiva uliyachoma matumbo ambayo hayakuuzoea. Wapagazi waliokufa katika jeshi hilo, kutoka kila upande wa Afrika Mashariki, walikaribia laki moja. Walizikwa kando ya njia walizopita, na familia nyingi hazikuwahi kupokea mshahara wa marehemu wao.

Waliorudi walikuta nini? Wanajeshi wazungu waligawiwa mashamba kuanzia 1919. Mwafrika alipewa kipande, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Katika Barabara ya Kenyatta, katikati ya Nairobi, kuna sanamu ya shaba ya watu watatu, mmoja wao mpagazi, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni kazi nzuri, ila haina jina hata moja la marehemu. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika hao waliachwa bila kaburi wala jina kwa uamuzi wa makusudi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Kwa miaka hiyo yote Eastlands, mashariki mwa Nairobi ulipo mtaa huu, ilikuwa imetunza kumbukumbu ya wapagazi bila jiwe. Makanga akiita abiria, mama akiuza vyondo sokoni, fundi akikata akala kutoka kwenye tairi kuukuu, wote hulitaja jina la kikosi kile. Nao askari waliorudi kutoka misitu ya Burma mwaka 1945 waliacha jina la nchi hiyo kwenye soko la nyama karibu na Kaloleni. Mpaka leo mtu hutumwa Burma kununua kilo moja ya nyama, akarudi nyumbani kabla ya saa sita mchana.