Kutoka Msimu hadi Ratiba: Historia Fupi ya Maneno ya Abiria wa Baharini

Utangulizi

Miaka michache iliyopita ililetwa katika meza yetu ya istilahi karatasi ya kurasa nne iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Ilikuwa na masharti ya safari ya meli ya kitalii. Aliyeileta alikuwa mwalimu mstaafu. Yeye na mkewe walikuwa wameweka akiba kwa muda mrefu ili wasafiri baharini mara moja katika uzee wao, na walikwisha kulipa sehemu ya nauli. Mke akaugua, safari ikavunjika, na fedha zile hazikurudi. Tafsiri aliyopewa iliyaita malipo hayo ya kwanza "amana". Mzee hakuja kwetu kudai kitu, kwa kuwa alijua kwamba mkataba wenye nguvu ulikuwa ule wa Kiingereza. Alikuja na swali moja tu: "Wanangu, amana isiyorudishwa ni amana ya namna gani?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Makala haya ni jaribio la kulitafuta jibu hilo kwa njia ya historia. Abiria wa baharini hununua kitu asichokiona. Hununua chumba ambacho hajalala, chombo ambacho hajakipanda, na siku ambazo hazijafika. Kinachomwongoza ni maneno peke yake. Hivyo basi yafaa tujue maneno hayo yalitoka wapi, na yalibeba maana gani kabla ya kufika mikononi mwetu.

Abiria wa msimu

Mwambao wetu ulikuwa na abiria kabla ya kuwa na meli. Neno lenyewe abiria latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuvuka. Nauli nayo ilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na mabaharia wa Kiarabu waliipata kutoka Kiyunani. Msimu ni neno la asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Kaskazi ilivuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi ikavileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikashika zamu kuanzia Aprili ikavirudisha.

Abiria wa zama hizo hakuwa na mengi ya kulinganisha. Aliuliza upepo, akamwuliza nahodha nauli, akatafuta mahali pa kutandika mkeka wake kati ya tezi na omo. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika chombo cha Kuwait mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden hadi pwani ya Afrika ya Mashariki, ameeleza jinsi abiria kutoka Hadhramaut walivyojazana sitahani pamoja na shehena. Tarehe ya kufika haikuahidiwa na mtu, kwa hiyo hakukuwa na ahadi ya kuvunjwa.

Meli na ratiba

Badiliko kubwa halikuletwa na mvuke peke yake. Tarehe 5 Januari 1818 jahazi la matanga liitwalo James Monroe liliondoka New York kwenda Liverpool siku ile ile iliyotangazwa, ingawa lilikuwa halijajaa. Kabla ya hapo desturi ilikuwa kungoja mpaka shehena itimie na hali ya hewa itengemae. Tangu siku hiyo abiria alianza kununua tarehe pamoja na safari.

Kwetu sisi badiliko hilo lilikuja baada ya kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez, mwezi wa Novemba 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilipata mkataba wa kuchukua barua kati ya Aden na Unguja kila mwezi. Hapa lugha yetu ilifanya jambo la werevu. Wenyeji waliona kwamba chombo kile kipya kilitofautiana na merikebu nyingine kwa sababu ya mzigo wake: kilileta barua, na barua haikungoja. Basi neno la Kiingereza la barua za posta likawa jina la chombo chenyewe, yaani meli. Stima lilitumika pia, lakini katika matumizi ya leo meli ndilo lililoenea, na nchini Kenya stima limehamia kwenye umeme. Mwaka 1890 Wajerumani nao walianzisha kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie kutoka Hamburg, na bandari zetu zikaanza kuzoea karatasi yenye siku na saa, ndiyo ratiba.

Meli zilileta pia madaraja. Palikuwa na abiria wa daraja la kwanza, wa daraja la pili, na wale waliosafiri juu ya sitaha, hasa katika safari za kati ya Bombay na Afrika ya Mashariki. Neno deki, lililotoka melini, limeingia hata majumbani mwetu. Mtoto wa shule anayepiga deki darasani asubuhi hajui kwamba anarudia kazi ya baharia.

Safari irudiyo ilikoanzia

Hadi hapo kila abiria alikuwa na mahali anapokwenda. Safari ya baharini kwa ajili ya bahari yenyewe na bandari za njiani ni jambo la baadaye. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ya Uingereza ilitangaza ziara za Bahari ya Kati, na mwandishi Thackeray akapewa nafasi bila malipo. Kitabu alichoandika kuhusu ziara hiyo kilitoka mwaka 1846. Msomaji na atambue jambo hili: tangu mwanzo sifa za safari hizi zimeandikwa mara nyingi na watu ambao hawakulipa nauli.

Mwezi wa Januari 1891 Albert Ballin, wa kampuni ya Hamburg-Amerika, alikuwa na tatizo la kibiashara. Wakati wa baridi kali abiria wa Atlantiki ya Kaskazini walipungua, na meli kubwa zilikaa bure. Akaituma meli Augusta Victoria kutoka Cuxhaven kwenda Bahari ya Kati na abiria 241. Wengi walimcheka, lakini safari ilifaulu. Kampuni hiyo ilishusha majini mwaka 1900 meli Prinzessin Victoria Luise, ya kwanza kujengwa mahsusi kwa safari za namna hiyo. Ilipanda mwamba huko Jamaika mwaka 1906. Mwaka 1922 meli Laconia iliondoka New York kuizunguka dunia nzima pamoja na watalii.

Ndege za jeti zilizoanza kuvuka Atlantiki na abiria mwaka 1958 zilizinyang'anya meli kazi ya kuwafikisha watu waendako. Mfano wa karibu nasi ni meli Uganda ya British India, iliyojengwa mwaka 1952 kwa safari za London na Afrika ya Mashariki. Kufikia mwaka 1968 ilikuwa imegeuzwa kuwa meli ya ziara za wanafunzi, na mwaka 1982 ikatumika kama hospitali katika vita vya visiwa vya Falkland. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1966, bandari ya Miami ilikuwa inajenga biashara mpya ya ziara za Karibi. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Abiria wa ziara hizi hulipa nauli ili arudi pale pale alipopandia.

Tuiiteje safari hiyo? Neno la Kiingereza latokana na Kiholanzi, na maana yake ni kupita huku na huko. Wapo walioandika "safari ya anasa". Hatulikubali, kwa kuwa anasa ni hukumu juu ya msafiri wala si jina la safari. Wengine wameandika "safari ya mzunguko", lakini zipo ziara za namna hii zinazoanzia bandari moja na kuishia nyingine. Sisi twaona kwamba "ziara ya baharini" latosha, na chombo chake ni "meli ya kitalii".

Maneno ya kulinganisha

Anayetaka kuchagua meli huanza na ukubwa, na hapo hukutana na tani. Wafasiri wengi wameandika kwamba meli fulani "ina uzito wa tani 70,000". Hilo ni kosa. Tani ya usajili ilitokana na hesabu ya mapipa ya mvinyo, na tangu sheria ya Uingereza ya mwaka 1854 ilikuwa kipimo cha nafasi: futi za ujazo 100 kwa kila tani moja. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, ulioanza kutumika mwaka 1982, uliweka badala yake namba isiyo na kizio, inayokokotolewa kutokana na ujazo wa ndani wa meli. Kwa hiyo tunapendekeza "ujazo wa jumla".

Kosa hilo lina madhara. Ujazo ukigawanywa kwa idadi ya abiria hutoa kadirio la nafasi anayopata kila mmoja, na hicho ni kipimo chenye manufaa zaidi kuliko ukubwa mtupu. Titanic ya mwaka 1912 ilikuwa na ujazo upatao 46,000 na nafasi za abiria wapatao 2,400. Jibu ni kama 19. Queen Elizabeth 2, iliyoanza safari mwaka 1969, ilikuwa na takriban 70,000 kwa abiria wapatao 1,800. Jibu ni kama 39. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina 248,663 kwa abiria 5,610, wakihesabiwa wawili kwa kila chumba. Jibu ni kama 44. Vipimo vya kale na vya sasa havilingani sawasawa, na wastani huficha tofauti za madaraja. Hata hivyo msomaji aliyeambiwa "uzito" hawezi kabisa kuifanya hesabu hii, kwani uzito haukai ndani yake mtu.

Tazama pia "chumba cha ndani". Katika nyumba za mawe za Lamu, ndani ndiko mahali pa faragha na heshima. Katika meli, chumba cha ndani ni kile kisicho na dirisha, na aghalabu ndicho cha bei ya chini kabisa. Mfasiri aliyefuata neno kwa neno amekipandisha cheo chumba hicho bila kukusudia. Neno daraja nalo lina matatizo yake: ni kivuko cha mto, ni ngazi ya huduma, na wengine wamelitumia kwa mahali anaposimama nahodha. Kwa maana hii ya tatu twaona heri kusema "chumba cha uongozi wa meli".

Maneno ya fedha

Sasa tumfikie mzee wetu. Nauli inayotangazwa kwa "kila mtu" kwa kawaida ni nauli ya mtu anayeshiriki chumba na mwenzake. Msafiri wa peke yake huenda akatozwa karibu mara mbili. Maneno "kila mtu" ni ya kweli kisarufi, lakini yanampoteza mjane.

Ratiba nayo si ahadi kamili, kwa kuwa mikataba humruhusu nahodha kuiacha bandari kwa sababu ya usalama. Baada ya meli kuanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwezi wa Novemba 2023, ziara nyingi zilizopangwa kupita huko zilifutwa au kuelekezwa njia nyingine. Ndiyo maana katika mikataba twapendelea "mpango wa bandari" kuliko ratiba.

Ama kuhusu amana, hiyo ni mali iliyowekwa kwa mtu ili airudishe. Kurudishwa ndiyo maana yake yote. Asiyeirudisha ameitwa mhaini tangu zamani. Malipo ya mzee hayakuwa hivyo. Yalikuwa fedha za kulifunga patano: safari ikitimia zingehesabiwa ndani ya nauli, na mnunuzi akighairi zingepotea. Wafanyabiashara wa mwambao walikuwa na neno la jambo hilo hilo, nalo ni arubuni. Wapo wanaolikwepa kwa sababu linakaribiana kwa sauti na kurubuni. Sisi twaona kwamba ukaribu huo haudhuru. Huenda ukamfanya msomaji asome mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Mapendekezo

Desturi ya kazi yetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubuni au kukopa. Kwa misingi hiyo tunawatolea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali maneno yafuatayo wayajadili:

Ziara ya baharini: safari ya meli ambayo abiria hulala melini na kutembelea bandari kwa zamu.
Ujazo wa jumla: kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya meli yote.
Nauli ya mshiriki: nauli ya mmoja katika chumba cha wawili.
Nyongeza ya chumba pekee: fedha anayotozwa anayelala peke yake.
Chumba kisicho na dirisha: badala ya "chumba cha ndani".
Mpango wa bandari: orodha ya bandari inayoweza kubadilishwa.
Arubuni: malipo ya kwanza yasiyorudishwa mnunuzi akighairi.
Amana: malipo yanayorudishwa, wala si mengine.

Tulimwandikia mzee yule kwamba swali lake lilikuwa sahihi na tafsiri aliyopewa haikuwa sahihi. Fedha zake hatukuweza kumrudishia. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa mabaharia na makarani wa bandarini, wanaombwa watuletee pamoja na mifano ya matumizi yake.