Historia fupi ya sanduku la mchezo

Leo tuweke kando mambo ya programu tuzungumzie sanduku. Sisi wachache tunaocheza Dungeons & Dragons hapa Timau huenda Nanyuki kucheza na wenzetu, na vitabu na dadu husafiri kwenye matatu, vikibanwa kati ya magunia ya viazi na abiria 14. Kwa wasioujua mchezo huu: watu huketi mezani, mmoja anasimulia kisa, kila mwingine anaigiza mhusika wake, na dadu huamua kama jambo limefaulu au la.

Swali letu ni moja: ndani ya sanduku kiingie nini, na kibaki nini? Swali hili ni la zamani kuliko mchezo wenyewe, na huku kwetu Mlima Kenya lina historia yake.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kuja kuwinda. Aliwinda tembo karibu na Nyeri, kisha akafika Meru. Katika mizigo yake mlikuwa na maktaba nzima: vitabu kama 60 hivi, Biblia, Shakespeare na Homer vikiwamo, vyote vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, vumbi, damu na mafuta ya bunduki. Vilikaa katika kasha jepesi la alumini na kitambaa kisichopitisha maji. Kasha na vitabu vyake lilikuwa na uzito wa pungufu kidogo ya ratili 60, yaani kama kilo 27.

Kwa nini ratili 60? Kwa sababu huo ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Maktaba ile ilipimwa kwa shingo ya binadamu, na aliyechagua vitabu hakuwa aliyevibeba.

Sasa linganisha na bao. Pale Hyrax Hill, Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Ubao wa namna hiyo haubebwi kabisa. Hata bao la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, likikosa ubao watu huchimba mashimo mchangani na mchezo ukaendelea. Kete zinatosha mfukoni, sheria zimo kichwani.

Dungeons & Dragons nayo ilianza nyepesi. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nakala 1,000 za kwanza, kila moja katika boksi la karatasi ngumu lililopambwa lifanane na mbao. Ndani mlikuwa na vijitabu vitatu, kurasa 112 kwa jumla. Dadu ulijitafutia mwenyewe. Boksi la wanaoanza la mwaka 1977 ndilo lililokuja na dadu zake, za nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Dadu zilipoadimika mwaka 1979, kampuni iliweka vipande vya karatasi vyenye namba, mchezaji avichanganye kikombeni na kuchomoa kimoja. Watu wakacheza vilevile.

Baadaye vitabu vilinenepa. Vile vitatu vya msingi vya toleo la 2014 vina zaidi ya kurasa 300 kila kimoja. Lakini Januari 2023 sheria za msingi za toleo hilo zilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuziweka kwenye simu bure na kihalali. Na dadu ya nyuso 20? Mstari mmoja wa kodi unaitengeneza.

Hapa ndipo kazi yangu ya programu inaponisaidia kupanga sanduku. Kinachoweza kupakuliwa tena si lazima kisafiri. Kinachostahili nafasi ya kwanza ni kile chenye nakala moja tu duniani: karatasi za wahusika, ramani tulizochora kwa kalamu, daftari la msimulizi. Mhusika aliyechezwa miaka mitatu akilowa maji ya mvua, hakuna tovuti itakayomrudisha.

Kwa hiyo sisi tunatumia sanduku la bati, lile la mwanafunzi wa bweni, lakini dogo. Karatasi zinakaa ndani ya faili ya plastiki, na kila baada ya mchezo tunazipiga picha ziwe nakala rudufu. Kitabu ni kimoja tu, kimelazwa chini. Dadu ziko kwenye kifuko cha kitambaa, kimefungwa kamba ili zisichubue kurasa barabarani.

Uzito je? Mdogo wetu kuliko wote ndiye hubeba sanduku kutoka stejini, kwa hiyo yeye hulinyanyua kwanza kabla hatujafunga kifuniko. Akisema ni zito, tunapunguza, na hatubishani naye.