Simulizi za Waliokombolewa wa Freretown

Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa katika milki yake. Biashara haikukoma siku ile, na manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyosheheni watu ambao, kwa kuwa makwao kulikuwa baidi na njia ya kurudi ilijaa hatari zile zile zilizowaleta, ilibidi watafutiwe mahali pa kukaa. Ndipo mwaka 1875 ilipoanza Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa Kisauni, katika ardhi iliyonunuliwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS).

Waliteremshwa hapo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watoto wengi miongoni mwao, wasiojuana kwa nasaba wala kwa lugha. Chakula walipewa, na nguo, na shule. Lakini mama aliyeachwa njiani, nani angeweza kumrudisha? Walichobakiwa nacho ni habari zao, na hata hizo iliwabidi wazisuke upya kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao waliisikia kwanza vinywani mwa waliowafunga minyororo. Mimi hilo naliona kuwa ushujaa mkubwa.

Nje ya kijiji neno mtumwa lilikuwa tusi, na tusi limebaki hata leo, hivi kwamba aliyetoka utumwani aghalabu alijisitiri kwa nasaba ya kuazima, akafa na siri yake.  Lakini katika Freretown, aliyesimulia jinsi alivyotekwa alisikilizwa na mtu aliyepitia njia ile ile, na aibu aliyodhani ni yake peke yake ikawa tarikhi ya wote. Nao wasiokuwa na ahali wakapata ahali.

Habari za namna hiyo ziliandikwa pia. Katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, wanafunzi waliokombolewa waliandika visa vyao kwa Kiswahili, naye mmisionari A. C. Madan akavitafsiri na kuvitoa kitabuni mwaka 1887. Baadaye James Mbotela, ambaye baba yake alitekwa huko Nyasa, akakusanya aliyoyasikia kwa baba huyo na kwa wazee wa Freretown, yakachapwa mwaka 1934 kwa jina la Uhuru wa Watumwa. Wako wanaokilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ni ya haki. Walakini ndani yake mtoto anazungumza waziwazi juu ya minyororo ya baba yake, bila kuona haya, na kwa pwani ya zama zile hilo halikuwa jambo dogo.

Kengele ya Freretown ingaliko, na mahali pale paitwa Kengeleni. Nawe msomaji, ikiwa una mzee wa Freretown, au wa Rabai, au wa Unguja, keti naye jioni hii, umwulize jina la kijiji walikotekwa wazee wake, ukaliandike.