Jua Tunalo, Njia ya Umeme Je?

Mkazi wa Mbeya au Iringa aliyekuwapo miaka ya 1990 hajasahau mgawo wa umeme. Mashine za kusaga zilinyamaza, mafundi wa kuchomelea walikaa bure, na mishumaa ikapata soko. Wakati huo mitambo ya Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ilikuwa imara: ilianza kazi mwaka 1988 ikiwa na uwezo wa megawati 80. Ile ya Kidatu, chini yake, ilikuwa na megawati 204. Mitambo haikupungua, kilichopungua ni maji. Mto Ruaha Mkuu, unaoteremka kutoka Bonde la Usangu mkoani Mbeya, ulianza mwaka 1993 kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Tulijifunza kwa uchungu kwamba mtambo mzuri haufai kitu kama njia ya kuufikishia nguvu imekatika.

Somo hilo hapana budi tulikumbuke leo tunapoelezwa habari za paneli mpya za sola zitumiazo perovskaiti. Jina hilo ni la zamani. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alieleza madini yaliyotoka Milima ya Ural nchini Urusi, akayaita kwa heshima ya Lev Perovski. Perovskaiti za sola hutengenezwa na wataalamu, lakini zimepangika kwa umbo lile lile. Hunasa mwanga vizuri mno, hata tabaka jembamba kuliko unywele linatosha.

Lakini kunasa mwanga ni nusu ya kazi. Mwanga ukigonga perovskaiti, elektroni huondoka mahali pake na kuacha nafasi tupu, ambayo wataalamu huiita tundu. Fikiria basi la Mbeya kwenda Iringa. Abiria wa mbele akishuka Makambako, wa nyuma yake husogea akakaa pale, na wa nyuma zaidi naye vivyo hivyo. Watu wanakwenda mbele, lakini kiti kitupu kinarudi nyuma. Ili umeme upatikane, elektroni zitoke upande mmoja na matundu upande wa pili. Yakikutana tena njiani, nguvu hiyo hupotea kama joto au mwanga. Kwa hiyo huwekwa tabaka maalumu la kupitisha matundu na kuzuia elektroni zisifuate njia hiyo.

Historia ya paneli hizi kwa sehemu kubwa ni historia ya tabaka hilo. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani waligeuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme. Kazi ya kupitisha matundu walimpa kimiminika, na kimiminika hicho kiliyeyusha perovskaiti yenyewe. Mlinzi alikuwa ndiye mwizi! Mwaka 2012 Nam-Gyu Park wa Korea Kusini na wenzake walikiondoa, wakaweka mahali pake kitu kikavu kiitwacho spiro, ambacho kilikuwa kimekwisha kujaribiwa katika sola za aina nyingine tangu mwaka 1998. Wakafikia asilimia 9.7, na kipande chao kilihifadhika zaidi ya saa 500. Mwaka huo huo Henry Snaith na wenzake, Uingereza, walifikia asilimia 10.9. Leo maabara zimevuka asilimia 26.

Hata hivyo spiro ina kasoro zake. Ni ghali, na yenyewe haipitishi umeme vizuri mpaka ichanganywe na chumvi za lithi. Chumvi hizo huvuta unyevu, na unyevu ni adui mkubwa wa perovskaiti. Wataalamu sasa wanajaribu oksidi ya nikeli, ambayo huvumilia joto zaidi, na matabaka membamba ya molekuli moja moja.

Haya yanatuhusu moja kwa moja. Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na ukungu wa Mufindi sote tunaujua. Paneli iliyosifiwa katika maabara kavu ya Ulaya inaweza isifue dafu juu ya bati la zahanati ya Rungwe. Mwaka 2024 kampuni ya Oxford PV ilipeleka Marekani shehena ya kwanza ya paneli za perovskaiti iliyopakwa juu ya silikoni. Siku zitakapofika kwetu, tusiulize asilimia peke yake. Tuulize zimejaribiwa katika unyevu gani, kwa muda gani, na dhamana yake ni miaka mingapi. Paneli nyingi za silikoni hupewa dhamana ya miaka 25 au zaidi. Mgeni naye apimwe kwa kipimo hicho.

Na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kipo mahali panapofaa kabisa kuzipima. Mvua ni yetu, jua ni letu; tusingoje wengine watuambie kitakachodumu juu ya mabati yetu.